Kamera ya Kale na Betri za Siku Hizi

Ipuli ni mojawapo ya kata za mji wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo ilikwenda miezi miwili au mitatu mpaka kufika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora. Kutoka hapo wengine walishika njia ya magharibi kwenda Ujiji, na wengine njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Bidhaa zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwaka 1912 gari la moshi lilifika Tabora, na tangu hapo kazi ya upagazi katika njia ile ikafifia mpaka ikakoma.

Fikiri basi habari ya mzee mmoja wa Ipuli, ambaye babu yake alikuwa mpagazi. Mzee huyo alipokuwa mtoto alifundishwa na babu yake namna ya kufunga mtumba kwa kamba za magome ya mti, ili usilegee njiani wala kumchubua mchukuzi bega. Katika ukoo wake hakuna mwingine aijuaye kazi hiyo, naye ana umri wa miaka 86. Ndani ya kasha lake mna kamera ya sinema, aliyoachiwa mwaka 1974 na mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Mjukuu wake, kijana wa darasa la saba, aliwaza kwamba kamera ile ingeweza kupiga picha ya mikono ya babu yake ikifunga mtumba, ili hata watakaozaliwa baadaye waione. Mjomba wake aliye Ujerumani akampelekea filamu moja tu, maana bei yake si ndogo.

Watu wengine walimwambia kijana, "Tumia simu." Simu yaweza kweli kufanya kazi hiyo, lakini simu ikiibwa au ikiharibika, mara nyingi picha hupotea pamoja nayo. Utepe wa filamu ukitunzwa mahali pakavu pasipo joto hudumu miaka mingi, na mtu aweza kuuinua kwenye mwanga akaziona picha kwa macho yake tu, pasipo mtambo wowote.

"Shikamoo, babu," alisema kijana. "Kamera hii hutumia betri za namna gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Zamani nilitia nne za tochi, na mbili nyingine ndogo kama vifungo vya koti. Zile ndogo hazionekani tena madukani. Jirani zetu wasema kamera imekufa, afadhali niwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu."

Je, imekufa kweli? Ili kulijibu swali hili, yapasa kwanza kujua jinsi kamera ya namna hiyo ifanyavyo kazi.

Jinsi picha zinavyokwenda

Picha za sinema haziendi kweli. Kila picha imesimama kimya, kama picha iliyotundikwa ukutani. Lakini zikipita nyingi mbele ya macho kwa upesi, moja baada ya moja, mtazamaji huona kana kwamba mtu aliyepigwa picha atembea na kuinua mikono yake. Ndani ya kamera umo ukucha mdogo wa chuma. Ukucha huo hushika tundu la utepe wa filamu, huuvuta hatua moja, kisha huuacha utulie. Utepe ukiisha kutulia, pazia dogo hufunguka na mwanga huingia; picha moja imekwisha pigwa. Pazia hufunga, na ukucha huvuta tena.

Kamera ya mzee hufanya hivyo mara 18 katika kila sekunde. Filamu yake ina urefu wa mita 15, na huchukua picha 3,600. Basi filamu nzima humalizika kwa dakika 3 na sekunde 20. Kwa hiyo mwendo wa kamera lazima uwe mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Mwendo ukipungua wakati wa kupiga picha, watu wataonekana baadaye wakikimbia kama waliofukuzwa na nyuki. Ukizidi, wataonekana wakienda polepole kama watu wanaovuka mto wenye maji ya kiunoni.

Mkono, kamani na betri

Nguvu ya kuuvuta utepe ilitoka wapi? Kamera za nyumbani zilitumia nguvu za namna tatu. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa filamu yenye upana wa milimita 16, isiyoshika moto upesi kama filamu za kwanza za sinema, ili watu waweze kuitumia nyumbani pasipo hatari. Kamera yake ya kwanza ilizungushwa kwa mkono, mizunguko 2 kwa kila sekunde, ili zipatikane picha 16. Kazi hii ilitaka mkono usiochoka wala kushtuka.

Nguvu ya pili ni kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa kama ule wa saa. Mwaka 1925 Kodak ilitoa kamera ya kamani, na mwaka 1935 ilitokea kamera mashuhuri ya Bolex H16, iliyotengenezwa Uswisi. Mwenye kamera hiyo huitia ufunguo kama saa ya ukutani, nayo huenda yapata nusu dakika kabla ya kutaka kutiwa ufunguo tena. Kamera ya kamani haihitaji betri hata moja ili iende, na kwa sababu hiyo nyingi zingali zikifanya kazi hata leo.

Filamu ya milimita 16 ilitumika hata katika Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ambalo Meja L. A. Notcutt alikuwa mmoja wa viongozi wake. Watu hao walitengeneza filamu 35, nyingi zikionyesha mambo ya afya, ukulima na kazi, na wachezaji wake wengi walikuwa Waafrika. Sauti haikuwamo katika filamu zenyewe, bali katika santuri zilizopigwa pamoja nazo. Kwa kuwa vijiji havikuwa na umeme, walichukua katika motokaa mtambo wa kuufanya. Hata zamani zile, aliyetaka kuonyesha sinema mbali na miji alikuwa na swali lile lile la kijana wa Ipuli: nguvu itatoka wapi?

Nguvu ya tatu ni betri. Mwaka 1965 Kodak ilitoa filamu iliyoitwa Super 8, iliyofungiwa katika kisanduku cha plastiki ili hata asiye fundi aweze kuitia kwa sekunde chache. Kamera nyingi za filamu hiyo ziliendeshwa kwa mota ndogo na betri za tochi. Kamera ya mzee wa Ipuli ni ya jamaa hiyo. Ni Canon Auto Zoom 814, ambayo ilitoka Japani mwaka 1967.

Njaa mbili za kamera moja

Kamera hiyo ina njaa mbili, na kila njaa hutaka chakula chake. Njaa ya kwanza ni ya mota iuvutayo utepe. Mota hula betri nne za tochi, zile ndogo zenye urefu wa sentimita 5. Njaa ya pili ni ya jicho lipimalo mwanga. Jicho hilo huona kama nje kuna jua kali au kivuli, kisha huifungua au kuifumba mboni ya kamera, ili mwanga uingiao usizidi wala usipungue. Mwanga ukizidi, picha huwa nyeupe. Ukipungua, huwa nyeusi. Jicho hula betri mbili ndogo mfano wa vifungo.

Mota ni kama mpagazi: hutaka nguvu nyingi, lakini huvumilia kidogo chakula kikipungua au kubadilika. Jicho ni kama mpimaji wa dhahabu: chakula chake ni kidogo sana, lakini kikibadilika, hata kwa sehemu ndogo, vipimo vyake vyote huharibika.

Volti ni nini?

Mtu akitaka kuchagua betri lazima ajue maana ya volti. Fikiri tangi la maji lililowekwa juu ya mnara, na bomba likishuka mpaka chini. Jinsi tangi lilivyo juu zaidi, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu zaidi bombani. Kimo cha tangi ni mfano wa volti. Ukubwa wa tangi, yaani maji yaliyomo, ni mfano wa umeme uliowekwa akiba ndani ya betri. Na upana wa bomba ni mfano wa wepesi wa betri kutoa umeme wake. Bomba likiwa jembamba, maji mengi hayawezi kutoka kwa mara moja, ijapokuwa tangi limejaa.

Betri zikipangwa moja nyuma ya nyingine, volti zao hujumlishwa, kana kwamba minara imewekwa mmoja juu ya mwingine. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, basi nne zina volti 6. Hicho ndicho kipimo ambacho mota ya kamera ya mzee iliundiwa.

Betri za kuendesha mota

Katika maduka ya siku hizi betri za umbo hilo moja ni za aina nyingi. Za kwanza ni betri za bei rahisi za zinki na kaboni. Volti zake ni 1.5, lakini bomba lake ni jembamba. Tochi ndogo huwaka nazo vizuri. Lakini mota ya kamera huzichosha upesi, na mwendo wake hupungua. Za pili ni betri za alkalini. Nazo zina volti 1.5, na bomba lake ni pana zaidi. Hizi zafaa. Za tatu ni betri za nikeli, ambazo huweza kujazwa umeme tena na tena. Kila moja ina volti 1.2, hivyo nne zina volti 4.8 tu. Mtu aweza kudhani kwamba hazitoshi. Lakini kwa kuwa bomba lake ni pana sana, hazilegei mota inapoanza kuvuta, na kamera nyingi huenda nazo vema. Yapasa kuzijaribu kwanza.

Za nne ndizo zenye hatari. Ziko betri za lithiamu za kujazwa umeme, ambazo hutumika katika tochi kali na taa za jua. Baadhi yake zina umbo lile lile la betri ndogo ya tochi, lakini kila moja ina volti 3.7, na ikiisha kujazwa hufika 4.2. Nne zikitiwa katika kamera hufanya volti 16.8, badala ya 6. Hiyo ni karibu mara tatu. Mpagazi aliyezoea frasila mbili akitwikwa sita, mgongo wake hauna budi kuvunjika. Vivyo hivyo mota na nyaya zake huweza kuungua kwa muda mfupi.

Kijana wa Ipuli alikuwa karibu sana na hasara hiyo. Muuza duka alimpa betri nne kutoka katika tochi za jua, akasema, "Zitazame, zaingia sawasawa." Nazo ziliingia kweli. Lakini kijana alizisoma maandishi kabla ya kubonyeza kitufe, akaona 3.7V, akazitoa. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mitumba miwili yaweza kufungwa kwa nguo moja na kuwa na ukubwa mmoja, mmoja ukiwa wa pamba na mwingine wa risasi. Kuingia si kufaa.

Betri za jicho

Betri ndogo za jicho zilikuwa za zebaki. Zebaki ni madini yanayotiririka kama maji, na wakazi wa Nzega wameyaona mikononi mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Betri ya zebaki ilikuwa na sifa moja kubwa: ilitoa volti 1.35, nayo ilishika kipimo hicho pasipo kupanda wala kushuka, karibu mpaka siku ya kufa kwake. Kwa hiyo watengenezaji wa kamera waliipenda, wakaunda vipimo vyao juu ya volti hizo 1.35.

Lakini zebaki ni sumu. Huko Minamata, katika Japani, kiwanda kilimwaga uchafu wenye zebaki baharini. Samaki wakaingiwa na sumu, na watu waliowala wakapatwa na ugonjwa mbaya wa mishipa ya fahamu, uliotambuliwa mwaka 1956. Wengi walikufa, na watoto walizaliwa na ulemavu. Marekani ilikataza kwa sheria kuuza betri ndogo za zebaki mwaka 1996. Na mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya kupunguza matumizi ya zebaki duniani, yakaitwa kwa jina la Minamata; mapatano hayo yakaanza kutumika mwaka 2017. Hii ndiyo sababu mzee hazioni betri zake madukani. Hazikupotea kwa bahati mbaya. Ziliondolewa kwa ajili ya uzima wa watu.

Basi jicho lilishwe nini? Betri za vifungo za alkalini zapatikana kwa urahisi, na nyingine zina umbo lile lile la zamani. Lakini zina volti 1.5, na mbili hufanya 3 badala ya 2.7. Umeme ukizidi, mshale wa jicho husogea kupita kiasi, na kamera hudhani kwamba jua ni kali kuliko lilivyo. Hapo huifumba mboni yake, na picha hutoka nyeusi. Tena volti za alkalini hushuka kidogo kidogo kwa kadiri zinavyotumika, hivyo kosa la leo si kosa la mwezi ujao. Ziko kamera zilizoundwa kwa namna ya kutojali tofauti ndogo kama hiyo. Lakini aliye na filamu moja asikisie.

Dawa zilizo njema ni mbili. Ya kwanza ni betri za zinki na hewa, ambazo huuzwa kwa ajili ya vifaa vya watu wasiosikia vizuri. Volti zake ni 1.4, karibu sana na 1.35, nazo hushika kipimo chake vizuri. Betri hii huvuta hewa kwa vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa karatasi yenye gundi. Karatasi ikibanduliwa, betri huamka, na tangu hapo huishi majuma machache, ikitumika au isipotumika. Kwa kuwa ni ndogo kuliko betri ya zamani, huzungushiwa pete ili isicheze mahali pake, lakini vitundu vyake visizibwe.

Dawa ya pili ni betri za fedha. Hizi zina volti 1.55, nazo hazishuki ovyo. Fundi huziweka katika kikombe kidogo chenye daiodi, yaani kifaa kiupitishacho umeme upande mmoja tu, na ambacho hupunguza yapata volti 0.2 umeme unapopita. Ukitoa 0.2 katika 1.55, hubaki 1.35. Hivyo jicho la kamera hupata chakula kile kile lilichokizoea tangu zamani.

Mwendo wa kazi, hatua kwa hatua

Kijana alikwenda kwa fundi wa redio, na kazi yao ilifuata utaratibu, maana haraka haraka haina baraka.

Kwanza walifungua vyumba vya betri na kutazama. Betri iliyosahauliwa ndani miaka mingi huvuja, na vipande vya shaba hushika kutu ya kijani au unga mweupe. Unga wa betri ya alkalini huondolewa kwa pamba iliyochovywa kidogo katika siki au maji ya ndimu, kisha hufutwa kwa kitambaa kikavu. Mkono usishike unga huo, wala usifikishwe machoni. Betri mbili za zebaki zilizokutwa ndani hawakuzitupa jalalani wala motoni, kwa kuwa moto hugeuza zebaki kuwa mvuke wa sumu. Walizifunga katika chupa yenye kifuniko na kuzipeleka kwa bwana afya.

Pili walisoma alama za kujumlisha na kutoa zilizoandikwa ndani ya kila chumba, ili betri zisitiwe kinyume.

Tatu walipima kila betri kwa kipimo cha umeme, ambacho mafundi hukiita mita, na kuandika hesabu katika daftari. Maana mali bila daftari hupotea bila habari. Betri nne mpya za alkalini zilitoa jumla ya volti 6 na zaidi kidogo. Betri mbili za zinki na hewa, alizozipeleka mjomba, zilitoa volti 2.8. Hawakuchanganya betri mpya na kuukuu, kwa kuwa kuukuu huzifuja nguvu za mpya.

Nne waliiendesha kamera bila filamu. Walisikiliza sauti yake kwa dakika nzima. Sauti iliyo sawa ni dalili ya mwendo ulio sawa. Sauti ipandayo na kushuka ni dalili ya mota iliyochoka, mafuta yaliyoganda au betri dhaifu. Kisha walielekeza kamera mahali penye jua, wakatazama mshale mdogo ndani ya tundu la kuchungulia. Wakaielekeza kivulini chini ya mwembe, na mshale ukarudi. Jicho lilikuwa hai.

Ndipo walipotia filamu. Kazi ilipokwisha, kijana alizitoa betri zote, ili zisije zikavuja ndani. Zile ndogo aliziweka juu, mahali ambapo mdogo wake hafiki. Jambo hili lisisahauliwe na mtoto yeyote asomaye habari hii. Betri ya kifungo ikimezwa na mtoto mchanga yaweza kukwama kooni, na umeme wake huweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Zile za lithiamu za volti 3 ndizo mbaya kupita zote. Mtoto aliyemeza betri apelekwe hospitali mara moja, pasipo kungoja kuona kama ataugua.

Mikono ya mzee

Siku ya kupiga picha, mzee aliketi uani asubuhi, jua likiwa upande mmoja. Alikuwa na nguo za zamani, kamba za magome na vijiti viwili. Kijana alijua kwamba ana dakika 3 na sekunde 20, wala hakuna filamu nyingine. Alipiga picha ya mikono tu kwa sehemu kubwa: kukunja, kuzungusha kamba, kukaza kwa goti, kufunga fundo. Mwishoni aliinua kamera kidogo, akapiga uso wa babu yake.

Filamu ilipelekwa Ujerumani ikasafishwe. Baada ya miezi miwili ilirudi Ipuli. Mzee aliushika utepe kwa ncha za vidole, akauinua dirishani, akatazama picha moja moja kwa muda mrefu. Haikuwa nyeusi wala nyeupe.

"Hapa," akasema, akiuonyesha utepe kwa ukucha wake, "hapa nilikosea. Babu yangu alikaza mara mbili. Mwambie mwanao hivyo, siku utakapomwonyesha."

Kamera haikuwa imekufa. Ilikuwa na njaa, na watu hawakujua chakula chake. Vyombo vingi vya zamani huuzwa kama chuma chakavu kwa sababu hiyo hiyo: redio, saa na mashine za namna nyingi. Mwenye busara hakitupi chombo kabla ya kuuliza kilikuwa kikila nini, wala hakilishi chochote kwa kuwa tu kimeingia. Husoma, hupima, hujaribu, ndipo hutumia.

Maswali

1. Kwa nini mwendo wa kamera ya sinema hauna budi kuwa mmoja tangu mwanzo hata mwisho?
2. Taja nguvu tatu zilizoendesha kamera za nyumbani. Ni ipi isiyohitaji betri wala mkono usiochoka?
3. Betri nne za nikeli zina volti ngapi? Na betri nne za lithiamu za volti 3.7? Ni zipi zilizo hatari kwa kamera ya volti 6, na kwa nini?
4. Betri za zebaki ziliondolewa madukani kwa sababu gani?
5. Jicho la kamera likipewa volti zaidi ya kipimo chake, picha hutokaje? Eleza sababu.
6. Mzee alisema amekosea wapi? Kwa nini alitaka kosa hilo lijulikane?